Historia Chungu Nayo Yataka Kutembelewa

Ndugu msomaji, wewe uliye Mombasa, Malindi au Lamu, bila shaka umepita Makueni mara nyingi kuliko unavyodhani. Basi la usiku liendalo Nairobi husimama Mtito Andei. Abiria hushuka, hujinyoosha, hunywa chai, mwenye kutaka kusali husali, kisha safari huendelea. Kibwezi hupitwa hali umelala. Makindu hupitwa, Emali hupitwa, na Sultan Hamud hupitwa pia, wala hukumbuki kujiuliza imekuwaje mji wa bara, mpakani mwa Wakamba na Wamasai, ukapewa jina la Sultani wa Unguja. Miji yote hiyo imo Makueni, nasi watu wa Pwani tumeifanya kuwa usingizi wa njiani.

Nasema "sisi" kwa kuwa nami nimo. Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa Kitui na kazi ya ualimu, nikaoa hapa, nikazaa hapa, na sasa nimestaafu hapa hapa. Nimeishi Ukambani zaidi ya miaka thelathini. Nakiri kwamba kwa miaka mingi ya hiyo nilikuwa kama abiria wa lile basi: mwili uko Ukambani, macho yamefumba. Kilichonizindua ni safari ya mbali, na ndiyo ninayotaka kuisimulia leo, kisha niseme neno ambalo huenda likawaudhi baadhi ya watu.

MATEMBEZI YA LEIPZIG

Mwaka juzi nilikwenda Ujerumani kumtazama binti yangu anayesoma katika mji wa Leipzig. Mji huo ulikuwa katika ile nchi iliyoitwa Ujerumani Mashariki, iliyoundwa tarehe 7 Oktoba 1949 chini ya chama cha Kikomunisti, ikadumu hadi tarehe 3 Oktoba 1990 ilipounganishwa na Ujerumani Magharibi. Siku moja binti yangu akaniambia, "Baba, vaa viatu vya kutembelea, leo twende tukatembezwe."

Nilidhani tutatembezwa madukani. Kumbe ni matembezi ya miguu yanayoongozwa na mtu anayeijua historia ya mji, naye huwapitisha wageni mahali palipotokea mambo ya enzi ya Ukomunisti. Siku hizi matembezi ya namna hii yapo katika miji mingi ya Ulaya ya Mashariki. Tulikuwa watu kumi na wawili hivi. Aliyetuongoza alikuwa mama mtu mzima, mvi zimemjaa, kofia ya sufi kichwani. Hakushika kitabu wala karatasi. Alikuwa akifika mahali, anasimama, anatungoja tukusanyike, ndipo aanze kusema.

Kwanza alitusimamisha mbele ya Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Akatueleza kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walikuwa wakikutana humo kila Jumatatu kuomba amani, na kwamba tarehe 9 Oktoba 1989 walipotoka nje walikuta mji umefurika. Watu wapatao 70,000 walitembea barabara iuzungukayo mji wa kale, ilhali polisi na askari wenye silaha wamewekwa tayari. Haikupigwa risasi hata moja. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Kisha akatupeleka kwenye jumba kubwa lenye pembe ya mviringo, lililokuwa makao ya idara ya usalama iliyojulikana kwa jina la Stasi. Wananchi waliliingia jumba hilo jioni ya tarehe 4 Desemba 1989 ili makaratasi yasiendelee kuteketezwa. Idara hiyo katika nchi nzima ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, na mbali na hao kulikuwa na raia wa kawaida wapatao 189,000 waliokuwa wakipeleka habari za jirani zao, wa wafanyakazi wenzao, pengine hata wa wake zao na waume zao. Majalada yaliyohifadhiwa, ukiyapanga wima rafuni, hufikia kilomita 111. Nilipiga hesabu yangu ya Kipwani: ni kama kuanza kupanga makaratasi Mombasa usisimame mpaka umeukaribia mji wa Malindi. Na kila karatasi inamtaja mtu.

Mwisho tukafika uwanja wa Chuo Kikuu. Hapo palikuwa na kanisa la tangu karne ya 13, kanisa lililonusurika mabomu ya Vita Vikuu vya Pili. Tarehe 30 Mei 1968 watawala waliamuru lilipuliwe kwa baruti, kwa kuwa halikufaa katika sura ya mji wa Kikomunisti waliotaka kuujenga. Mama yule alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa mtoto. Baba yangu alikuwa mwanachama wa chama. Siku ile alitufungia madirisha, akatuambia tusitazame. Hakusema kama ni jambo jema au baya. Mpaka anakufa hakusema."

Mmoja wetu akamwuliza kama hapakuwa na lolote jema katika enzi ile. Akajibu kwamba lilikuwapo: kodi ya nyumba ilikuwa ndogo, kazi haikukosekana, na mama aliyekwenda kazini alipata mahali pa kumwacha mtoto. "Sitaki zirudi siku zile," akasema, "lakini sitaki kuzisingizia pia."

Ndugu msomaji, nimesoma historia na nimeifundisha. Lakini sikupata kumwona mwalimu anayeitaja historia hali amesimama juu yake, akamtia baba yake mwenyewe ndani ya hesabu, pasipo kumtukana na pasipo kumtakasa. Usiku ule nilikosa usingizi. Nilijiuliza: Je, kwetu nani angenitembeza hivi?

LEIPZIG NA KITUI

Usidhani kwamba Leipzig na Kitui hazijuani. Zajuana tangu zamani. Katika miaka ya 1890 wamisheni wa Kilutheri wa Leipzig walikuwa na vituo vyao Ikutha na Mulango, katika wilaya ya Kitui. Walijifunza Kikamba, wakaandika habari za desturi za Wakamba, na wakawahimiza watu waache mahali pao pa matambiko. Vita vya 1914 vilipozuka, kazi yao ilivunjika, na Mulango ukaja kushikwa na wamisheni wa Africa Inland Mission.

Tazama basi mambo ya dunia. Watu walitoka Leipzig kuja kuwaambia Wakamba kwamba ibada yao ni giza, na haikupita miaka themanini, watawala wa Leipzig hiyo hiyo wakalipua kanisa kwa baruti kwa hoja kwamba ibada ni giza. Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Nasema kwa kuwa ni jambo ambalo mtoto wa Mulango angepaswa kulijua, na mtoto wa Leipzig pia. Wa Leipzig atatembezwa alione. Wa Mulango je?

KWA NINI SI MICHENZANI?

Huenda msomaji wa Pwani akasema, hayo ya Ukomunisti ni ya Wazungu. Si kweli, nawe unajua kwamba si kweli. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na katika mwezi huo huo Zanzibar ikaitambua serikali ya Ujerumani Mashariki, kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika. Wajerumani hao wakaleta mafundi na saruji, wakajenga majumba ya Kikwajuni na Kilimani, na yale marefu ya Michenzani yaliyojengwa katika miaka ya 1970 yalitokana na ramani walizochora wao. Pamoja na nyumba walileta pia wakufunzi wa usalama. Watu wale wale waliokuwa na lile jumba la pembe ya mviringo ndio waliofunza idara ya usalama ya Visiwani.

Nimepata kutembezwa Mji Mkongwe mara mbili. Vijana wanaotembeza wageni pale ni hodari kwelikweli. Walinionyesha milango ya nakshi, wakanionyesha ngome, wakanionyesha palipokuwa soko la watumwa. Lakini tulipofika Darajani wakageuka nyuma, kana kwamba historia ya Unguja inaishia penye soko la samaki. Nikavuka Ng'ambo peke yangu na mwenyeji wangu. Katika ngazi za jumba moja la Michenzani nilikutana na mabibi wawili wameketi. Mmoja akaniambia kwamba alizaliwa katika kibanda cha udongo, na siku alipofungua mfereji akaona maji yanatoka ukutani, alilia. Mwenzake alisikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema taratibu, "Na nyumba ya babu yangu ilikuwa papa hapa, ikavunjwa." Wakaendelea kuketi pamoja.

Mabibi wale wawili, katika ngazi moja, wana somo kubwa kuliko milango yote ya nakshi. Nasi watu wa mwambao wa Kenya tuna haki ya kulisikia, kwani ni nani katika sisi asiye na mjomba au shangazi aliyevuka bahari mwaka 1964 kuja Mombasa, au akaendelea hadi Maskati na Dubai, na tangu siku hiyo hataki kuulizwa? Wapo waliouawa, wapo walionyang'anywa, na wapo waliopata nyumba na shule kwa mara ya kwanza katika ukoo wao. Mwenye kusimulia upande mmoja tu huyo ni wakili, hajawa msimulizi.

TURUDI UKAMBANI

Sasa nirudi nyumbani kwangu. Ukija Kitui leo kama mgeni, kuna mahali utakapopelekwa, napo ni Mwamba wa Nzambani. Ni mwamba mkubwa wa ajabu, na utaambiwa kwamba ukiuzunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke hugeuka mwanamume. Wageni hucheka, hupiga picha, hununua soda, wakaenda zao. Sina ugomvi na Nzambani. Ngano ni mali ya watu wake, na jirani zangu wanaoishi kwa kazi hiyo wanakula halali yao. Ninalolilalamikia ni kwamba matembezi hukoma hapo, kama yanavyokoma Darajani.

Lau ningepewa mimi kuwatembeza wageni, ningeanza na njia ya misafara. Kabla ya reli, kabla ya Kampuni ya Waingereza, Wakamba walikuwa wakishuka hadi Mombasa wenyewe, pembe za ndovu mabegani, na wengine wakafanya maskani karibu na Rabai. Mkuu wa biashara hiyo katika Kitui alikuwa Kivoi. Ndiye aliyempokea mmisheni Krapf aliyetoka Rabai, na ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao kwa jina lake alilolisikia kwa Wakamba nchi yetu yote leo inaitwa Kenya. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa karibu na Mto Tana msafara wake uliposhambuliwa, na Krapf akanusurika kwa kukimbia. Basi jina la Kenya lilipita katika kinywa cha mfanyabiashara wa Kitui kabla halijaandikwa na kalamu ya Mzungu. Watoto wetu wangapi wanajua?

Hapo sasa ndipo neno lenye kuudhi linapoingia. Misafara ile haikuchukua pembe peke yake. Watu nao waliuzwa. Wakamba wamo katika hesabu hiyo, na babu zetu wa Pwani wamo, tena wengine wao wakisali sala tano. Nimesikia mara nyingi Waislamu wenzangu wakilikwepa jambo hili kwa hoja kwamba maadui wa dini hulitumia kutusuta. Ni kweli kwamba hulitumia. Lakini dawa ya mwenye kukusuta kwa jambo la kweli si kulificha, ni kulisema wewe kabla yake, kwa kipimo chake, bila kuongeza wala kupunguza. Dini yetu imetufunza kusema ukweli ijapokuwa juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Yule mama wa Leipzig, asiye wa dini yetu, alilitimiza hilo mbele yangu katika uwanja wa baridi. Mimi niliona haya.

Kutoka hapo ningewapeleka wageni Makueni, kwenye reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899. Makindu pangekuwa pahali pa kupumzika, kwa kuwa pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, na hadi leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula humo bila malipo. Hilo ni jema na lisemwe. Lakini ningewaambia pia kwamba reli ilipokuwa ikipita, Ukambani ulikuwa katika njaa kuu ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, maana yake iliyoenea kila mahali. Ndui ikaja juu ya njaa. Mchele ulioletwa kwa meli ulipita kwenye reli kuwalisha wajenzi, na kando ya njia hiyo hiyo watu walikuwa wakifa. Na hapo Sultan Hamud ndipo ningewauliza watu wa Pwani swali la jina. Sayyid Hamud bin Muhammad alitawala Unguja tangu 1896 hadi 1902, ndiyo miaka ile ile ya reli na njaa. Mji ulipewa jina lake wakati reli inajengwa. Jina la Sultani likabaki kibaoni. Majina ya waliokufa njaa hayakuandikwa popote.

Kisha ningewaeleza habari za mwaka 1938. Wakati huo Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Serikali ya Waingereza ilisema kwamba ardhi imechakaa kwa wingi wa ng'ombe, ikaanza kuwakamata ng'ombe wa Wakamba na kuwauza kwa nguvu kwa bei ya chini. Kwa Mkamba ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa akiba ya siku ya njaa, na njaa ya Ngomanisye ilikuwa haijasahauliwa. Muindi Mbingu aliuongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto mwezi wa Julai hadi Nairobi, wakapiga kambi, wakakataa kuondoka mpaka Gavana awasikilize. Haikupigwa vita. Walikaa tu, kama wale wa Leipzig walivyotembea tu. Mwisho serikali ikarudi nyuma, lakini Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa akahamishwa. Na alipelekwa wapi? Lamu.

Naam, msomaji wa Lamu, mtu aliyewarudishia Wakamba ng'ombe wao aliishi mjini kwako miaka kadhaa kama mfungwa wa serikali. Nairobi kuna barabara kubwa yenye jina lake. Je, kuna kijana wa Lamu anayetembeza wageni awezaye kuwaonyesha palipokuwa makao yake? Kama yupo, namwomba aniandikie, nitampandia basi.

FARU WA MAKUENI

Kituo cha mwisho cha matembezi yangu kingekuwa karibu na Wote, napo hapana jengo lolote la kuonyesha. Baada ya ghasia za 1938 serikali iliamua kuwahamishia watu nyika ya Makueni, iliyokuwa haikaliki kwa mbung'o na kwa faru. Akaletwa mwindaji Mzungu, J. A. Hunter, na kati ya mwaka 1944 na 1946 aliua faru karibu elfu moja. Soma tena hesabu hiyo. Ni karibu sawa na faru weusi wote waliomo Kenya nzima leo. Kisha vibarua wakafyeka pori, na familia kutoka vilima vilivyojaa watu zikapewa mashamba kwa masharti: ng'ombe kadhaa wasizidi, matuta yachimbwe namna hii, malisho yawe pale. Wengi waliogopa kuhamia, wakidhani ni hila ya kunyang'anywa ardhi ya zamani.

Ukiyatazama mambo hayo vizuri, waliofanya hivyo hawakuwa Wakomunisti, walikuwa Waingereza wenye kuwachukia Wakomunisti. Lakini tabia ni ile ile: mkubwa ameketi penye ramani, amekwisha kuamua watu waishi vipi, nyumba ziwe wapi, nini kibomolewe, nini kiuawe. Na matokeo nayo ni yale yale ya ngazi za Michenzani. Mmoja atakwambia alipata shamba ambalo limewasomesha watoto wake. Mwingine atakwambia aliyopoteza. Wote wawili wanasema kweli.

Nilikuwa na jirani, babu wa upande wa mke wangu, aliyekuwa kibarua katika kufyeka pori hilo akiwa kijana. Kila nilipokwenda kwake alikuwa akianza, "Mwalimu, siku moja nitakupeleka nikuonyeshe mahali tulipowakuta faru watatu wamelala pamoja, mmoja mdogo." Alitaka twende kwa miguu, yeye na mimi, anionyeshe mti kwa mti. Nami nilikuwa nikimjibu, "Inshallah, likizo ijayo." Niliporudi kutoka Leipzig nilikuwa nimenuia kwamba sasa tutakwenda. Nilikuta amekwisha kuzikwa mwezi mmoja. Wanawe hawaujui ule mti. Hakuna aujuaye.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kilomita 111 za makaratasi zilibaki Ujerumani, hata kama wasimulizi wote wangekufa. Kwetu makaratasi ni machache, tena aghalabu yaliandikwa na mkubwa. Majalada yetu ni wazee, na kila mzee anayezikwa ni jalada limeteketea.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema, kwa nini kufukua makaburi, si tuishi kwa amani? Namjibu kwamba wale mabibi wa Michenzani walikwisha kusemezana na bado wanaketi ngazi moja. Kinachofarakanisha watu ni kusimuliwa nusu, kila mmoja nusu yake, chumbani kwake.

Wa pili atasema, watalii hawaji Kitui na Makueni kutazama huzuni, wanakwenda mbugani kutazama simba. Huyo amekosea mlango. Sizungumzi na watalii kwanza. Nazungumza na shule za Kitui, na madrasa za Mombasa zinazowapeleka watoto matembezini wakati wa likizo, na vijana wa Wote wasio na kazi. Matembezi yaanze kwa Kikamba na Kiswahili, yaongozwe na mtu wa pale pale, mzee akisimulia na kijana akirekodi katika simu yake, na mzee alipwe kwa kazi hiyo kama mwalimu anavyolipwa. Mgeni wa mbali akitaka kufuata, karibu, atatafsiriwa kama nilivyotafsiriwa mimi na binti yangu.

Wa tatu ndiye ninayemhofia zaidi. Huyo atakubali haraka, ataweka kibao, atachonga sanamu, atawafundisha vijana maneno ya kukariri, na ndani ya mwaka mmoja Muindi Mbingu atakuwa kama Mwamba wa Nzambani: kicheko, picha, soda. Kinga yake ni moja. Anayetembeza awe na kitu chake katika habari hiyo, na awe tayari kukitaja. Kama babu yake alifyeka pori, aseme. Kama babu yake alikuwa chifu aliyekamata ng'ombe wa wenzake mwaka 1938, aseme pia. Na kama babu yake alishuka Mombasa na msafara ambao haukubeba pembe peke yake, basi na aseme, nasi wajukuu wa waliopokea msafara ule tuwe tumesimama hapo kusikiliza.

Mimi nimekwisha kuanza, kwa kiasi changu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya jua kupungua ukali, natoka na wanafunzi wachache kutoka mjini Kitui. Tunatembea kwa muda wa saa mbili, tunamfikia mzee mmoja, tunaketi, tunasikiliza. Mwezi uliopita tulikuwa saba. Bibi mmoja alitusimulia yale aliyosimuliwa na mama yake kuhusu njaa, akataja nani alipewa nani kwa debe la mtama. Mwanafunzi mmoja akagundua kwamba aliyetajwa ni nyanya ya nyanya yake. Hakusema neno njia nzima ya kurudi. Tulipofika karibu na msikiti, adhana ya Magharibi ikiadhiniwa, akaniuliza kama mwezi ujao anaweza kumleta baba yake.

Nikamwambia amlete. Nawe msomaji, basi litakaposimama tena Mtito Andei, ukimaliza chai yako, mwulize yule anayekuuzia wazazi wake walitoka wapi, na walihamia hapo mwaka gani.